Kinywa cha Plamedie

Kisangani, 12 Machi 2023

Kwako Plamedie, mtoto wa dada yangu,

Hapa tunapumua, tunatoka jasho, tunaendelea. Mama yako Annette anakusalimu. Goti lake limepoa, lakini hataki kukubali, kwa sababu likiuma ni Franck anayechota maji. Huyo kaka yako amefuga sharubu zinazomfanya afanane na mtu anayetafutwa na askari. Koko Mbambu, bibi yetu sote, bado anatawala ukoo mzima akiwa kwenye kiti chake mtaani Mangobo. Duka linaenda: chumvi, sabuni, misumari. Ubao wangu bado uko mlangoni, na kila Jumatatu naandika juu yake jambo la kumkasirisha mkubwa fulani. Wiki hii nimewashambulia wanaume wanaopokea simu katikati ya mazishi. Wawili wamekuja kulalamika, donc, yaani basi, nilipiga palepale.

Naandika kwa mkono kama kawaida, na Osée wa cyber anapiga picha na kukutumia. Usinijibu kwa sauti. Huwezi kubishana na sauti: ukiitafuta ile sentensi aliyokosea mtu, imeshapita.

Sasa jambo lenyewe. Tumepata padri mpya, Mbrazili, mrefu, mwenye kicheko kama mlango unaofunguliwa kwa teke. Tulibishana juu ya vipaza sauti vya kwaya, ambavyo vinaua masikio ya Wakristo. Nilimshinda. Nilimshinda kwa Kifaransa safi, mbele ya wamama wote. Halafu yeye akacheka, akasema maneno mawili matatu ya Kireno, akaondoka, na wamama wakacheka pamoja naye ingawa hakuna hata mmoja aliyeelewa! Plamedie, sikubali kushindwa kwa lugha nisiyoijua.

Nilinunua kitabu sokoni. Kinanifundisha kumwandikia waziri nikimwomba ruhusa ya kushusha farasi bandarini. Mimi nataka Kireno cha barazani, cha watu wanaojuana. Wewe uko São Paulo mwaka wa tatu sasa, unacho bure. Nipe.

Na masomo? Udongo wa huko ukoje? Januari ukoo utakaa tena. Binamu zako waliotumwa mbali wana vinywa vyao vya kunong'ona: mzee mmoja anasimama mbele ya Koko, anaeleza mtoto amefika wapi, anakaa. Wewe una kinywa kinachosikika mpaka ng'ambo ya mto. Nipe cha kusema. Siku utakaposhuka Yangambi, kwenye kituo cha kilimo, na diploma yako ya agronomie, mimi nitakuwa ufukweni nikiwatazama usoni wote waliosema tumpeleke mvulana.

Tonton wako,
Mumbere


São Paulo, 3 Aprili 2023

Tonton,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Mimi niko muzima. Baridi bado haijaanza. Mwambie mama nimepata pilipili kama za kwetu, na amwache Franck achote maji, sharubu haziongezi uzito.

Kireno chako hiki hapa. Ukikutana na mtu: E aí, beleza? Ni kama kusema, vipi, mambo ni safi? Yeye akikuuliza hivyo, jibu Tranquilo. Kushukuru: Valeu! Ukishukuriwa: Imagina! yaani si kitu, ungefikiriaje. Mtu akikuambia jambo lisiloaminika, mwambie Fala sério! Hilo najua utalitumia mpaka lichakae. Na ukiona mtu anapita na unataka asogee kwako, paza sauti: Pode chegar, freguês! Lisemwe kwa furaha, na mkono uinuke kidogo.

Usiseme polepole kama mtu anayesoma. Hapa maneno yanakimbia, yanakanyagana.

Masomo yanaendelea.

Nisalimie Koko, umwambie ninamwota akiwa amekasirika, donc najua ni yeye kweli.

Plamedie


Kisangani, 30 Aprili 2023

Mwanangu,

Salamu za nyumbani zote uzipokee, nitazifupisha maana nina habari. Mama yako yuko vizuri. Wavuvi Wagenia wanatoa samaki wakubwa mwezi huu na Annette amekausha wawili akisema ni wako. Nilimuuliza watafikaje Brazili. Amenuna.

Nilimsubiri padri mlangoni baada ya misa ya pili. Alipotokea na kanzu yake, nikainua mkono kidogo, kama ulivyosema, nikapaza: "Pode chegar, freguês! E aí, beleza?"

Alisimama kama mtu aliyeitwa na marehemu. "Papa Mumbere! Nani amekufundisha?"

"Vitabu," nikasema.

"Bongo, ni uongo!" akadakia Micheline wa kwaya. "Kitabu gani iko inapiga kelele hivyo?"

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nikarudi palepale kwenye vipaza sauti, nikamwambia vinne ni vingi, yeye akasema kanisa ni kubwa, nikamjibu Fala sério! Nakuambia, Plamedie, hoja yangu nzima ya Machi haikufanya kazi iliyofanywa na maneno hayo mawili. Amekubali kuondoa kimoja. Ubao wa Jumatatu uliandika: USHINDI.

Halafu nilimuuliza siku ile alisema nini. Alikubali bila aibu: alisema, "Gostei do senhor." Yaani amenipenda. Nimekasirika sana. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi.

Sasa nataka mengine. Na jambo moja: umeandika "masomo yanaendelea." Hiyo ni sentensi ya waziri akihojiwa kuhusu barabara. Mimi nilikuuliza udongo. Niambie udongo, niambie maprofesa, nani mjinga kati yao, mlibishana wapi. Binti aliyelelewa karibu na mimi hawezi kukaa miaka mitatu bila kubishana na profesa.

Mumbere


São Paulo, 25 Juni 2023

Tonton,

Nisamehe kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Sasa baridi imefika kweli, navaa makoti mawili na bado vidole vinakataa. Lakini jua likitoka watu wote wanatoka nalo, na hapo ninaupenda mji huu. Wale samaki wa mama muwale tu. Mwambie nimewaona kwa macho ya moyo na walikuwa na chumvi ya kutosha.

Nafurahi kwamba padri anacheka. Haya mengine. Cuidado que tá quente! Angalia, ni moto. Vai querer com pimenta? Utataka na pilipili? Acabou, só amanhã! Kimekwisha, mpaka kesho. Mtu akikuomba bei ipungue, unashika kifua kama unataka kuanguka na kusema Assim você me quebra! Hivyo unanivunja! Na mvua ikija na upepo: Segura a lona! Shika turubai! Hilo lisemwe kwa nguvu zote, halina heshima wala cheo. Askofu akiwa karibu, naye atashika.

Udongo ni mwekundu.

Plamedie


Kisangani, 16 Julai 2023

Plamedie,

Tuko salama. Koko amegombana na jirani kuhusu kuku, ameshinda. Franck amenyoa sharubu, kuna msichana nyuma ya jambo hilo.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya parokia. Tulifunga turubai uani, vyakula vikawekwa chini yake, na saa ile lituma yetu ya ndizi za kutwanga inaletwa, tufani ikashuka. Watu wakakimbilia kanisani. Mimi nilishika kamba ya pembeni, nikaona upande wa pili unaruka, nikapiga kelele: "Segura a lona!"

Padri alitoka mbio kwenye mvua, akadaka pembe ile kwa mikono miwili. Tukabaki wawili, kila mtu na pembe yake, maji yakitupiga usoni. Hakucheka. Mvua ilipopungua akasema, "Papa, mama yangu alikuwa anapiga kelele hiyo hiyo. Alikuwa na meza yake kwenye soko la barabarani. Mimi nilikulia chini ya turubai. Freguês ni namna wauzaji wanavyomwita mteja wao." Kisha akauliza, "Mutu wako iko anauza nini?"

Nikamjibu, "Anasoma agronomie."

Akanitazama. Akatazama turubai. "Ah, bon," akasema.

Nimerudi nyumbani nikasoma barua zako zote upya, kama wakili. Najua kumkaribisha mpita njia, kumwonya kuhusu moto, kumuuliza pilipili, kukataa kupunguza bei, kufunga kwa leo. Sijui kusema "mtihani." Sijui kusema "profesa, umekosea." Katika Kireno chako chote hakuna hata benchi moja la darasa.

Sikuulizi kitu. Umeona, nimeweka kalamu chini bila kuuliza, na wanaonijua hawataamini.

Mumbere


Kisangani, 3 Septemba 2023

Plamedie,

Mama yako yuko vizuri. Koko yuko vizuri. Mimi niko. Osée anasema barua ya Julai uliifungua.

Nilimwomba padri anifundishe jinsi mtu anavyomwambia mwenzake "nisimulie" bila kumfokea. Akanipa: Me conta.

Nimejizoeza mbele ya kioo. Inatoka vizuri.

Mumbere


São Paulo, 8 Oktoba 2023

Tonton,

Nakusalimia wewe na wote. Safari hii nitaanza na jambo lenyewe, nikianza na salamu nitajificha ndani yake.

Franck amenipigia. Ameniambia kile ambacho wewe hukuandika: kwamba Januari iliyopita ulisimama mbele ya ukoo ukasema, "Plamedie asiporudi na diploma ya agronomie, nifungieni kinywa muda wote Koko atakapokuwa hai." Tonton! Koko mwenye afya kama mlango wa chuma! Wewe ambaye usiposema siku moja unaugua!

Bon. Niliacha chuo mwaka jana. Sikufukuzwa. Niliingia darasani muda mrefu, maneno ya maprofesa yakapita mbele yangu kama pirogue, mitumbwi ya watu wengine, nami niko ufukweni na mzigo wangu. Nilikariri bila kuelewa. Siku moja nikaenda soko la barabarani kununua makemba, ndizi za kupika, nikamkuta mama mmoja, Dona Neide, anayakaanga vibaya. Sikuwa na maneno ya kumwambia, nikamwonyesha kwa mikono: chemsha, twanga, viringisha, kisha ndipo ukaange. Watu wamepanga foleni nyuma yangu. Akanisukumia sufuria, akasema, "Então faz." Basi fanya. Nikafanya lituma, nikaichovya kwenye mafuta, ikaisha kabla sijanawa mikono. Kesho yake nilirudi. Chuoni sikurudi. Kireno ambacho nilikikosa darasani kilinijia pale mezani, kikikanyagana, na sasa meza ni yetu wawili.

Siombi msamaha kwa kuacha. Unakumbuka kikao kile cha kunituma? Koko aliniuliza mimi, kwa jina langu: "Plamedie, unataka kusoma nini?" Nikafungua kinywa. Wewe ukajibu, "Agronomie!" Watu wakapiga makofi. Ulijibu vizuri sana, Tonton, na sababu, na mifano, na Yangambi ndani yake. Hakuna aliyeniuliza tena. Mtu akikusemea vizuri hivyo, unaona haya hata kukohoa.

Sasa nakupa njia. Januari simama, sema "masomo yanaendelea," ukae. Mama ataendelea kuwaambia watu kanisani kwamba ana ingénieur wa kilimo, na wewe utabaki na kinywa chako. Mimi nimezoea kusemewa. Mwaka mmoja zaidi hauniui.

Plamedie


Kisangani, 5 Novemba 2023

Plamedie,

Nyumba nzima ni wazima, na wewe una kiburi, na sijui umekitoa wapi.

Hapana.

Nimeandika barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa kali sana, na nzuri, ungeitunza. Nilithibitisha kwamba usingefika hata uwanja wa ndege kama si kinywa changu, kwamba wajomba wote walitaka kumpeleka Franck, kwamba anayemtetea mtoto hawezi kusubiri mtoto amalize kukohoa. Hoja zilisimama zote. Halafu nikafika mahali pa kuandika wewe ulitaka kujibu nini siku ile, na sikuwa na kitu cha kuandika. Nilimuuliza Annette. Naye hajui. Tumekaa na wewe nyumba moja miaka yote hiyo.

Nikaichana.

Donc sikiliza. Nina hasira, na hasira yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza: uliniacha niseme ovyo mbele ya Koko, nikiusifia udongo wa Brazili kama mtu aliyeulalia. Hiyo ni yako. Ya pili siiandiki.

Sitasema "masomo yanaendelea." Nimewavua nguo wakubwa wa mji huu kwenye ubao wangu kwa sentensi kama hiyo. Nikiisema mimi, Jumatatu itakayofuata nitamwandika nani? Na unasema umezoea kusemewa. Mimi ndiye nimekuzoesha, basi mimi ndiye nitaacha.

Kama hutaki niseme ukweli mbele ya ukoo na mama yako, niandikie hapana. Nitasimama, nitasema sina neno, nitakaa. Kama ni ndiyo, niandikie ndiyo. Usinipe hotuba. Neno moja.

Mumbere


São Paulo, 24 Desemba 2023

Tonton,

Noeli njema kwenu wote.

Ndiyo.

Plamedie


Kisangani, 14 Januari 2024

Mwanangu Plamedie,

Kwanza ujue kwamba hakuna aliyekufa.

Tulikaa jana uani kwa Koko, ukoo mzima, viti vimeazimwa mpaka kwa majirani Waislamu. Watu walikuwa bado wanabishana kuhusu uchaguzi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuingia. Mjomba wako Sadrack alisimama kwa mtoto wake aliye Kampala, akanong'ona, akakaa. Zamu yangu ikafika. Wakasogeza viti. Wanajua nikisimama ni saa nzima.

Nikasema: "Plamedie aliacha chuo. Ana meza sokoni São Paulo, anauza lituma, na inaisha. Mengine siyajui, kwa sababu siku ya kumtuma mlimuuliza yeye, nikajibu mimi." Nikakaa.

Kisha Sadrack: "Ni yote?"

"Ni yote."

"Mumbere, uko mugonjwa?"

Ndipo kelele zikaanza. Mmoja akasema tumetupa pesa mtoni, mwingine akasema lituma inauzwa hata hapa, haihitaji ndege. Franck akasimama kukutetea, akaambiwa akae, akakataa, na sharubu zile zingemfaa siku hiyo. Sadrack akakumbusha kiapo changu neno kwa neno. Ana kumbukumbu nzuri mtu huyo, sijui kwa nini haitumii kusoma. Wote wakamgeukia Koko.

Koko akaniuliza, "Ulisema kinywa kifungwe mpaka lini?"

"Muda wote utakapokuwa hai, Koko."

"Basi kimefungwa. Na mimi siko na haraka."

Walicheka, Plamedie. Hata mimi nilicheka, nikasahau kwamba ni mimi niliyefungwa. Kisha Sadrack akasema lazima mtoto apewe kinywa kingine, akajitolea mwenyewe. Koko akamtazama mpaka akarudi kitini. "Yule mutoto nilimuuliza swali," akasema. "Sijasikia jibu bado. Atajisemea. Aandike, Franck asome Pasaka, na mutu asimukate maneno."

Mama yako aliondoka na goti lake kabla ya chakula. Leo asubuhi nilimpitia, hakunifungulia. Kupitia dirisha akaniuliza kama meza yako ina kivuli. Nikasema kuna turubai. Akafunga dirisha.

Sijui atafungua lini. Sina haki ya kukuambia umwandikie nini, na hata ningekuwa nayo, nimefungwa kinywa. Ubao wa duka hakuna aliyekumbuka kuufunga. Nimewachunguza, hawajaukumbuka.

Mumbere


São Paulo, 3 Machi 2024

Kwa Koko Mbambu, kwa mama yangu Annette, kwa wajomba na mama wadogo, na kwa Tonton Mumbere ambaye atasikiliza bila kujibu,

Nawasalimu wote mlioketi. Mimi ni Plamedie, binti wa Annette. Leo sina mtu wa kunisemea, donc mtavumilia: sina mifano mingi, na sijui kupandisha sauti mahali pa kupiga makofi.

Koko, uliniuliza nataka kusoma nini. Nilikuwa nataka kukuambia kwamba sijui, na kwamba naogopa. Hilo tu. Halikuwa jambo kubwa, ila hapakuwa na nafasi yake.

Jumanne tuko mtaa mmoja, Ijumaa mwingine, Jumamosi ni soko kubwa na mikono inauma. Watu wanakuja kutoka kazini, wananiita kwa jina langu, wanalikosea, wananilipa. Wapo wanaoniuliza chakula hiki kinatoka wapi. Nawaambia Kisangani. Wengi hawajui ni wapi, basi nawaeleza huku nakaanga, na Dona Neide anagomba kwamba foleni imekuwa ndefu. Siku za mvua tunauza kidogo. Wapo wateja wabaya pia, na wengine wananiambia nirudi kwetu, nami sasa ninayo maneno ya kuwajibu. Siyaandiki hapa kwa sababu Pasaka ni siku takatifu.

Sijui kama nitakaa hapa daima. Nikijua, nitawaambia mimi mwenyewe.

Mama, hujapokea simu zangu tangu Januari. Nitapiga tena Jumapili baada ya misa, na ile inayofuata. Meza ina kivuli. Nakula vizuri. Na watu kanisani wakikuuliza ingénieur wako anarudi lini, usihangaike kutafuta jibu. Wape namba yangu, waniulize.

Plamedie